Uhamisho Usiwe Adhabu

Ndugu zangu, asubuhi hii naanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa mkuu wa utawala mahali fulani, nilikuwa na karani wa masjala. Dada yule ukimtajia mzabuni yeyote, anakuambia faili liko kabati gani na ni mara ngapi mzigo ulifika pungufu. Akaomba kuhamia ununuzi. Barua ikapitia kwangu, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hawezi kuachiwa kwa sasa." Nikadhani nimemsifia! Miezi minne baadaye akaleta barua nyingine, ya kuacha kazi. Hiyo haikuhitaji maoni yangu. Mwezi uleule tukatangaza gazetini nafasi ya afisa ununuzi.

Tangu hapo, meneja akilalamika hana watu, namuuliza nani kawakalia.

Tazameni benki ya KCB ya Kenya. Paul Russo aliingia mwaka 2014 kusimamia rasilimali watu, kazi ambayo baadhi yenu mnaiona ni ya fomu za likizo tu. Baadaye akapewa National Bank of Kenya, ambayo KCB iliinunua 2019, na mwaka 2022 akawa mtendaji mkuu wa kundi zima. Mary Barra naye aliingia General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, mwaka 1980, binti wa miaka 18, akikagua vipande vya magari kiwandani. Alipitia rasilimali watu pia kabla ya kukabidhiwa kampuni Januari 2014. Kuna hatua walizopiga kwenda pembeni. Kwetu mtu akienda pembeni tunaulizana kakosana na nani. Akitangaziwa uhamisho, wenzake wanampa pole.

Sasa kwetu nafasi hubandikwa ndani wiki mbili kabla ya kutoka nje. Anayechaguliwa, mkuu wake ana siku 30 za kumwachia. Zikiisha anahama, mbadala awe amepatikana au la. Mshahara haushuki, na kwa miezi mitatu kiti chake cha zamani kinamsubiri. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kilichowapa watu wenye watoto shuleni moyo wa kuomba. Hao hawachezi kamari na ada.

Mameneja walininunia, sitaficha. Mmoja alipita koridoni bila salamu karibu mwezi mzima.

Naona kaka yangu pale nyuma alicheka niliposema siku 30. Hebu simama, mpeni kipaza sauti.