Tabibu na Daktari: Miaka Yangu Würzburg

Mhadhara uliotolewa Mwanza mbele ya wanafunzi wa kidato cha sita na wazazi wao

Shikamooni wazee wetu mliokaa mbele. Wanafunzi, mambo vipi? Nimeombwa nieleze namna ya kusoma udaktari Ujerumani, kwa kuwa mimi niliusomea huko, mji wa Würzburg. Nitaeleza, ila nivumilieni nianze na neno moja, kwa sababu neno hilo limewapotezea miaka watu ninaowafahamu.

Neno lenyewe ni "daktari". Kwetu, aliyevaa koti jeupe ni daktari, na hata yule kijana wa duka la dawa pale stendi tunamwita dokta. Mjerumani ana maneno mawili. Arzt ni anayekutibu, na kibali cha kutibu, Approbation, amepewa na serikali. Doktor ni aliyefanya utafiti, akaandika tasnifu, akaitetea, chuo kikuu kikampa shahada. Mtu anaweza kukupasua tumbo pale, akakushona, ukapona kabisa, na bado asiwe Doktor. Na yuko Doktor wa baiolojia asiyeruhusiwa kumwandikia mgonjwa dawa yoyote. Sisi pia tulikuwa na neno "tabibu", tukaliacha lizeeke vitabuni. Mimi leo nitalitumia, msinicheke.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza nauli na viza, jiulize: nataka kuwa tabibu, au nataka kuwa mtafiti? Milango ni miwili, na lugha ya kugongea hodi si moja.

Mlango wa utafiti ni mwepesi kidogo kuingia. Zipo shahada za uzamili za Kiingereza, kwa mfano tiba ya molekuli pale Göttingen, au sayansi ya neva pale Charité, hospitali ya chuo kikuu huko Berlin. Würzburg kwenyewe kuna shahada inayoitwa Biomedizin: unasoma magonjwa, seli, vimelea, unashinda maabara, lakini wodini huna kazi. Nimekutana na kijana aliyefika akidhani Biomedizin ni njia ya uchochoroni ya kuwa tabibu. Aligundua mwaka wa pili. Mzazi uliyeko hapa, soma barua ya chuo mpaka mstari wa mwisho kabla hujauza ng'ombe.

Mlango wa utabibu ni Kijerumani mwanzo hadi mwisho. Vyuo vingi hutaka ngazi ya C1, yaani Kijerumani cha juu. Cheti chako kisipohesabiwa sawa na cha kwao unapelekwa kwanza Studienkolleg, mwaka wa maandalizi, na anayetaka tiba hukaa kozi M. Nafasi za watu wa nje ya Umoja wa Ulaya ni chache mno, takribani tano katika mia. Bavaria, ulipo Würzburg, vyuo vingi vya umma havitozi ada. Jimbo la jirani, Baden-Württemberg, linatoza wageni euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Usifurahi mapema lakini: ubalozi utataka kuona fedha za mwaka mzima zimefungwa benki, na nilipoangalia mara ya mwisho zilikuwa euro 11,904. Fedha hiyo ni yako, unaila kidogo kidogo kila mwezi, ila lazima iwepo kwanza. Haya, fedha nimemaliza, tuongee mambo.

Kwa nini Würzburg? Wazee wanajua: mji ule na Mwanza ni ndugu tangu 1966. Nilipofika nikisema natoka Mwanza, kuna waliojibu "Bugando!", hospitali yetu, kabla sijamaliza. Ni mji wa Mto Main na vilima vya zabibu. Ndipo Wilhelm Röntgen alipogundua miale ya eksirei, Novemba 8, 1895. Na kuna hospitali, Juliusspital, iliyoanzishwa 1576, ambayo mpaka leo ina mashamba yake ya mizabibu na inauza mvinyo wake yenyewe. Hospitali yenye kilabu! Mama yangu ni mlokole, hilo sikumwambia.

Masomo ni miaka sita na miezi mitatu. Hakuna shahada ya kwanza katikati. Kuna mitihani ya serikali. Wa kwanza huja baada ya miaka miwili, wanauita Physikum. Maswali ya kuchagua jibu ni 320, siku mbili, nchi nzima siku ileile, na yanatungwa na taasisi moja iliyoko Mainz. Profesa wako anaweza kukupenda kama mwanawe, hana la kukusaidia kwenye karatasi ile. Ukianguka mara tatu, utabibu umekwisha kwako Ujerumani nzima. Si kwamba unahama chuo: umekwisha. Mwaka wa mwisho ni wa vitendo, wiki 48: kumi na sita upasuaji, kumi na sita magonjwa ya ndani, kumi na sita unachagua mwenyewe.

Lakini kilichonifundisha utabibu ni miezi mitatu ya uuguzi ambayo lazima kila mwanafunzi aifanye kabla ya Physikum. Hubebi stetoskopu. Unawaosha wagonjwa, unabadili mashuka, unamwaga bedipani, na bosi wako ni muuguzi. Mimi nilitoka shule nimepasua kemia, nikakabidhiwa kitambaa na beseni la maji ya uvuguvugu. Asubuhi ya kwanza mzee mmoja, mikono imepinda kwa baridi yabisi, ananiambia mchawi amempiga risasi mgongoni. Nikaganda. Mtoto wa Usukumani nimevuka bahari nzima kumbe mambo ni yaleyale! Nikakimbia kwa muuguzi kumweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Hexenschuss, risasi ya mchawi, ndivyo wanavyoita maumivu ya kiuno yanayokamata ghafla. Na wengine husema "mzunguko" wao umegoma, maana yake kichwa kinazunguka na miguu imelegea. Hakuna kozi ya C1 iliyonifundisha hayo, tena yakisemwa kwa lafudhi ya Kifranken, ya watu wa eneo lile, ambapo p na b, t na d, zote ni kitu kimoja.

Sasa huo udaktari wenyewe. Wanafunzi wengi wa tiba huuanza wakiwa bado masomoni. Anayekuongoza anaitwa Doktorvater, baba wa udaktari. Akiwa mwanamke, Doktormutter. Nilipenda jina hilo, nikadhani nimepata baba. Baba yule tulionana kila Jumatatu, dakika ishirini. Ukichagua kazi ya kuchambua mafaili ya wagonjwa, unaweza kumaliza upesi. Mimi nilichagua maabara, nikasimamisha masomo kwa mihula miwili ili nikuze seli za saratani.

Miezi minane seli zangu zikatoa majibu mazuri ajabu. Kisha fundi wa maabara, mama mmoja mtulivu, akapima chupa zangu: maikoplasma. Ni bakteria wadogo sana, kwa hadubini ya kawaida huwaoni, na kwa kuwa hawana ukuta wa seli, penisilini haiwasumbui. Walikuwa wakila pamoja na seli zangu muda wote. Namba zangu zote zilikuwa za wageni hao. Baba wa udaktari alisoma jedwali, akanyamaza, akasema, "Zitupe. Halafu andika kwamba umezitupa." Nilizitupa jioni ileile, nikarudi chumbani nikalala na viatu.

Jambo moja zaidi, na hili halimo kwenye vipeperushi vya vyuo. Robert Koch, aliyetangaza kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882, alikuja ziwa letu hili mwaka 1906. Kule visiwa vya Sese, upande wa Uganda, aliwapa wagonjwa wa malale dawa yenye aseniki iitwayo Atoxyl, akaongeza dozi, na baadhi yao wakapofuka. Mwaka 1931 Ujerumani ilikuwa tayari imeandika mwongozo unaotaka ridhaa ya mgonjwa kabla ya kujaribiwa kitu. Miaka michache baadaye matabibu wasomi wa nchi hiyohiyo waliua watu kwenye kambi za Wanazi kwa jina la utafiti, na mwaka 1947 baadhi yao wakahukumiwa mahakamani Nuremberg. Nilipoomba sampuli za damu kwa ajili ya jaribio langu la pili, kamati ya maadili ilirudisha fomu yangu mara mbili kwa sababu maelezo ya mgonjwa yalikuwa magumu kusomeka. Nilinung'unika. Kisha nikakumbuka Sese, nikakaa kuandika upya kwa maneno ambayo yule mzee wa risasi ya mchawi angeyaelewa.

Nilipotetea tasnifu nilikuwa tabibu mwenye kibali kwa miaka miwili tayari. Nikampigia mama: nimekuwa daktari. Akauliza, "Si ulikuwa tangu mwaka juzi? Wale uliokuwa unawatibu walijua?" Nikaanza kumweleza habari za Arzt na Doktor, salio likakata.

Naona mikono imeshaanza kunyooshwa. Tuanze na wewe, dada uliyekaa dirishani.