Tangazo la Hati Iliyopotea: Siku 60 Zinahesabiwa Kuanzia Lini?

*Nakala ya mazungumzo ya kipindi. Watangazaji ni wawili: mwalimu mstaafu na wakili anayeshughulikia kesi za ardhi na mirathi.*

MWALIMU: Karibuni wasikilizaji, mlioko Kenya na mlioko ughaibuni, hasa nyinyi mnaofanya kazi katika nchi za Ghuba ambao mashamba yenu mmeyaacha chini ya uangalizi wa jamaa. Leo tunalisoma Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya, lile linalochapishwa kila Ijumaa na Mpiga Chapa wa Serikali. Wakili, nianze kwa kukuuliza jambo ambalo wengi hawalifahamu: tangazo likishachapishwa humo, je, sheria inachukulia kwamba mimi nimeliona?

WAKILI: Ahsante, Mwalimu. Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Muda uliowekwa na sheria huanza kwenda tangazo linapochapishwa, iwe umelisoma au hukulisoma, na afisa aliyelitoa hana wajibu wa kusubiri mpaka habari ikufikie Malindi, Garissa au Muscat. Ndiyo maana nimeleta matangazo ya aina tatu ambayo humgusa mwananchi wa kawaida kuliko mengine yote: la hati ya ardhi iliyopotea, la mirathi, na la Serikali kutwaa ardhi kwa ajili ya mradi wa umma.

MWALIMU: Tuanze na la hati iliyopotea, kwa kuwa hilo ndilo linalojaza kurasa nyingi. Nisome maneno yake kwa Kiswahili kama ninavyoyaelewa, nawe unisahihishe. Tangazo lina namba, kisha linataja Sheria ya Usajili wa Ardhi, Namba 3 ya mwaka 2012. Halafu linasema: kwa kuwa fulani, wa sanduku la posta fulani, amesajiliwa kuwa mmiliki wa kipande cha ardhi chenye ukubwa kadha na namba kadha, na kwa kuwa umetolewa ushahidi wa kutosha kwamba hati ya kipande hicho imepotea, inatangazwa kwamba baada ya siku 60 kupita tangu tarehe ya tangazo hili nitatoa hati mpya, mradi tu hakuna pingamizi litakalokuwa limepokelewa katika muda huo. Chini kuna jina la msajili wa ardhi na ofisi yake.

WAKILI: Umelisoma sawasawa. Ila angalia jinsi uzito wote ulivyowekwa mwishoni, pale panapotajwa pingamizi. Msomaji anayeanza mwanzo hudhani anapewa habari ya jirani aliyepoteza karatasi, akafunga ukurasa. Kumbe msajili anauliza swali, naye ametoa siku 60 za kujibiwa, na asipojibiwa atalichukulia kimya hicho kuwa ni ruhusa.

MWALIMU: Na mtu wa kujibu ni nani? Maana msikilizaji anaweza kusema: mimi sikupoteza hati, yangu iko kabatini, tangazo hili halinihusu.

WAKILI: Huyo ndiye linayemhusu kuliko wote. Ikiwa hati iko kabatini mwako na tangazo linasema imepotea, basi kuna mtu amekwenda kwa msajili na kiapo cha uongo, pengine na abstrakti ya polisi, yaani karatasi ya polisi inayoonyesha kwamba upotevu umeripotiwa, aliyoipata kwa maelezo ya uongo vilevile. Mara nyingi mtu huyo si mgeni, ni ndugu anayejua namba ya shamba na jina kamili la marehemu baba. Hati mpya ikishatolewa, ile ya zamani iliyo mkononi mwako inapoteza nguvu yake, na shamba linaweza kuuzwa kwa mtu asiyejua lolote. Kuna pia aliyemkopesha mwenzake fedha akapewa hati ashike kama dhamana, bila kusajili chochote. Mkopaji akitangaza kwamba hati imepotea, dhamana hiyo inabaki kuwa karatasi tu.

MWALIMU: Kwa hiyo tukihesabu siku hizo 60, tunaanzia wapi? Ninauliza kwa sababu nimewasikia watu wakihesabu tangu siku walipoonyeshwa tangazo na kijana wao kwenye simu.

WAKILI: Hilo ni kosa linalowagharimu watu ardhi yao. Sheria inasema hesabu ni tangu kuchapishwa kwenye Gazeti Rasmi, au tangu kutoka kwa magazeti ya kawaida ambayo nayo yanapaswa kubeba tangazo hilo, kutegemea kipi kilitangulia. Na Sheria ya Tafsiri, Sura ya 2 ya Sheria za Kenya, inaeleza kwamba siku yenyewe ya tukio haihesabiwi. Tuseme Gazeti limetoka Ijumaa tarehe 1 Machi, na magazeti ya kawaida hayakulitangulia. Siku ya kwanza ni Jumamosi tarehe 2 Machi, na siku ya 60 ni Jumanne tarehe 30 Aprili. Jumamosi na Jumapili zote zinahesabiwa humo katikati. Ni ile siku ya mwisho peke yake ambayo, ikiangukia Jumapili, sikukuu ya umma au siku nyingine rasmi isiyo ya kazi, husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Hata hivyo, mimi simshauri mtu yeyote aitegemee siku hiyo ya nyongeza.

MWALIMU: Sasa mtu ameona tangazo, hati yake iko salama, na zimebaki siku 12. Afanye nini, kwa mpangilio?

WAKILI: Aandike barua kwa msajili aliyetia sahihi tangazo, katika ofisi ile ile iliyotajwa, wala si kwa ofisi iliyo karibu na anapoishi. Barua itaje namba ya tangazo, tarehe ya Gazeti na namba ya kipande kama ilivyoandikwa, kisha iseme kwa sentensi iliyo wazi kwamba anapinga kutolewa kwa hati mpya kwa sababu hati ya awali haijapotea. Aambatishe nakala ya hati na ya kitambulisho, lakini hati halisi asimwachie mtu. Halafu, na hili watu hulipuuza sana, aende na nakala ya pili ya barua ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu miezi sita baadaye ugomvi hautakuwa juu ya alichoandika, utakuwa juu ya lini kilipokelewa. Baada ya hapo aombe rekodi rasmi ya kipande hicho, ile ambayo watu huiita sachi, na aombe zuio liandikwe kwenye sajili. Jambo likizidi, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo, na udanganyifu ni kosa la jinai linalopaswa kupelekwa polisi.

MWALIMU: Ninalo jambo la kusema hapa. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 7, inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inazitaka taasisi za umma, zinaposambaza habari, zizingatie lugha ya wenyeji na njia inayowafikia vizuri zaidi watu wa eneo husika. Lakini matangazo haya hutolewa kwa Kiingereza, tena Kiingereza ambacho hata mwanafunzi wangu aliyefaulu vizuri angelazimika kukirudia mara tatu. Watanzania mwaka 2021 walirekebisha sheria yao ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Sisemi kwamba kazi hiyo imekwisha huko, ila uamuzi umefanywa. Sisi tangazo la mistari minane linatushinda kuliandika kwa lugha mbili, ilhali ndilo linaloweza kumwondoa mjane kwenye shamba lake. Jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kulisema kwa sauti ya chini.

WAKILI: Nami sitakupinga, Mwalimu. Ningeongeza tu kwamba sheria hiyo ya 2016 inamruhusu mwananchi kuandika maombi yake ya habari kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Isipojibu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Nimeona maombi ya aina hiyo yakifungua majalada ambayo mwenyewe aliambiwa kwa miaka kwamba hayaonekani.

MWALIMU: Twende kwenye mirathi. Hili nalo huwa fupi: jina la marehemu, mahali na tarehe aliyofariki, namba ya kesi, jina la anayeomba kusimamia mali, na uhusiano wake na marehemu. Kisha mahakama inasema itatoa ruhusa hiyo asipojitokeza mtu wa kupinga katika siku 30.

WAKILI: Na hapo ndipo palipo na jambo ambalo tangazo lenyewe halilisemi. Ikiwa marehemu hakuacha wosia, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamtaka anayeomba ataje wake au mume waliobaki, watoto wote, wazazi na ndugu wa marehemu, pamoja na watoto wa mtoto aliyekwisha kufariki. Orodha hiyo huwekwa ndani ya jalada. Gazetini haichapishwi. Kwa hiyo binti aliyeolewa mbali, au mke wa pili, anaweza kuliona tangazo la baba au la mume, akafurahi kwamba kaka mkubwa ameanza kushughulikia mambo, asijue kwamba jina lake halimo kabisa. Sheria hiyo haibagui mtoto wa kike na wa kiume katika kugawa mali ya asiyeacha wosia, lakini asiyetajwa jaladani hakimu hawezi kumkumbuka.

MWALIMU: Na barua ya chifu? Kwetu watu huamini kwamba chifu anawajua watoto wote wa nyumba.

WAKILI: Chifu huandika alivyoelezwa na waliofika ofisini kwake. Anaweza kuwa mtu mwadilifu kabisa na bado barua yake ikakosa watu wawili. Dawa ni kunakili namba ya kesi kutoka kwenye tangazo, kwenda masjala ya mahakama iliyotajwa, na kuomba kulisoma jalada. Ukikuta hukutajwa, weka pingamizi ndani ya siku hizo 30. Kwa mfano wetu wa tarehe 1 Machi, siku ya 30 ni tarehe 31, ambayo ni Jumapili, kwa hiyo muda unasogea hadi siku ya kazi inayofuata.

MWALIMU: Na aliyechelewa?

WAKILI: Hajafungiwa mlango. Mahakama inaweza kuongeza muda wa pingamizi, na ruhusa iliyopatikana kwa kuficha ukweli inaweza kufutwa wakati wowote. Isitoshe, kwa kawaida ugawaji wa mali huthibitishwa miezi sita baada ya ruhusa kutolewa, kwa hiyo kipo kipindi cha kuwahi. Ila kufuta ruhusa baada ya shamba kuuzwa ni safari nyingine, kwa maana sheria hiyo hiyo inaweza kumlinda aliyenunua kutoka kwa msimamizi halali. Waislamu wanaoridhia kupeleka mirathi yao kwa Kadhi wana utaratibu wao, nao unastahili kipindi chake peke yake.

MWALIMU: Tumalizie na ardhi inayotwaliwa. Orodha zake ni ndefu, nasi watu wa pwani tulizizoea wakati wa reli ya kisasa. Namba ya kipande, jina la mmiliki, kisha eneo linalotwaliwa. Nimemwona mzee akisoma 0.1012 akasema wamechukua sehemu ya kumi ya ekari, akaona si hoja ya kugombania.

WAKILI: Safu hiyo huandikwa kwa hekta, na hekta moja ni karibu ekari 2.47. Hivyo 0.1012 ni robo ekari kamili, na kwa mtu mwenye nusu ekari hiyo ni nusu ya alichonacho. Zidisha kila kiasi kilichoandikwa katika safu hiyo kwa 2.47 kabla hujaamua kama linakuhusu au halikuhusu. Ama kuhusu muda, Tume ya Kitaifa ya Ardhi hutangaza kwanza nia ya kutwaa. Baada ya siku zisizopungua 30 hupanga kikao cha uchunguzi, na kikao chenyewe lazima kitangazwe siku 15 kabla. Madai ya fidia yanatakiwa yawasilishwe kwa maandishi kabla ya kikao hicho au siku yenyewe ya kikao, si baadaye. Anayehudhuria, akalalamika kwa mdomo na kurudi nyumbani, hajawasilisha dai.

MWALIMU: Na wale wasio na hati? Huku kwetu kuna familia zimekaa vizazi vitatu juu ya ardhi isiyosajiliwa kwa majina yao, na wanapoona orodha haina jina lao wanabaki nyumbani.

WAKILI: Wasibaki. Kifungu cha 40 cha Katiba kinaruhusu fidia ilipwe pia kwa wanaokaa kwenye ardhi kwa nia njema bila kuwa na hati. Kikao kile ndicho mahali pa kujitambulisha. Waende na maandishi yanayoeleza wamekaa hapo tangu lini, majirani wanaoweza kuthibitisha, nyumba na visima walivyojenga, na makaburi yaliyopo. Minazi na miembe ihesabiwe mmoja mmoja na ipigwe picha kabla ya siku ya kikao, kwa sababu tingatinga likishapita hakuna atakayekubali hesabu ya mnazi uliong'olewa.