Mtungi si kesi, kesi ni mrija

Mbukwenyi! Asanteni. Nimeombwa nizungumzie pombe za kutengeneza nyumbani na sheria zake, na ninaona kina mama wa mvinyo wa choya, lile ua jekundu la juisi, mmekaa mbele, wa ujimbi, pombe yetu ya mtama na uwele, mmebanana karibu na mlango. Tulieni, sikuja na askari.

Nianze na aibu yangu. Mwaka nilipostaafu ubwana afya nilitengeneza mvinyo wa choya, nikaona povu limetulia, nikajaza kwenye chupa za bia na kugonga vizibo. Usiku wa tatu mke wangu akaniamsha: "Baba, wezi!" Hapakuwa na mwizi. Chupa sita zilikuwa zimepasuka, ukuta wa stoo mwekundu kama machinjioni.

Kosa langu lilikuwa hesabu. Hamira ikila kilo moja ya sukari, karibu nusu inakuwa kilevi, nusu inatoka kama hewa, zaidi ya lita 200 za hewa. Sukari kidogo tu iliyobaki ndani ya chupa iliyozibwa inatosha kuipasua. Ujimbi hauna shida hiyo kwa sababu mtungi wake unapumua, na unanyweka ukiwa bado unachacha.

Sasa sheria. Choya, zabibu, mtama, uwele, vyote hapo vimechachushwa tu. Ukitaka kuuza, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inakutaka uwe na leseni, na mnajua mlango wa halmashauri ulipo. Kwa mvinyo wa chupa ongezeni safari mbili: SIDO, shirika la viwanda vidogo, kisha TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula baada ya kazi hiyo kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Usumbufu upo, sikatai. Mama anayeuza madumu mawili kwa wiki anaona nauli inamla faida.

Lakini ukichukua ujimbi huohuo, ukaufunika kwenye pipa, ukawasha moto na kupitisha mrija kwenye maji baridi, umeingia kwenye sheria nyingine: Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, moshi likiwa jina la gongo kisheria. Wengi wanadhani inasema gongo ni marufuku milele. Isomeni. Inasema usikeneke, yaani usichemshe pombe na kukusanya mvuke wake, bila leseni. Uganda walitunga ya kwao mwaka mmoja kabla, 1965, na waragi ya chupa, gongo lao lililohalalishwa, ikatokea huko. Huku kwetu leseni hiyo sijawahi kuiona kwa mpikaji hata mmoja, na miaka yote niliyokagua niliona mapipa tu yakimwagwa.

Mtaani wanasema gongo linaua kwa uchafu wa dumu. Uchafu unaharisha. Kinachopofusha ni methanoli, aina ya kilevi chenye sumu, na mara nyingi inaingia pale mtu anapoongeza spiriti ya viwandani ili kinywaji "kishike". Mwilini inageuka asidi inayoshambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Ubaya wake haina haraka: mtu analewa kama siku zote, analala, kesho yake anasema anaona ukungu. Mkisikia neno hilo, ukungu, hospitali saa hiyohiyo, na mwambieni daktari alichokunywa. Dawa ipo, ila haimngoji anayeficha. Kuna wanaosema ukimwaga tone la kwanza umemaliza sumu. Methanoli inachemka nyuzi 65, kilevi chenyewe 78, lakini kwenye pipa la kienyeji hazipangi foleni, zinatoka zimechanganyika.

Naam, mama wa kitenge cha kijani? Anauliza atajuaje mvinyo umekwisha kuchacha kama hana kipimo. Chukua puto la watoto, litoboe tundu moja kwa sindano, livishe mdomo wa dumu. Hewa ikitoka litasimama. Likilala, usikimbilie chupa kama mimi. Lipe wiki mbili zaidi, uonje. Ukisikia utamu, bado.