Volyumu ya Gitaa Ikiwa Kumi, Umebaki na Wapi pa Kwenda?

Asanteni, asanteni. Kaeni. Wale mliokuja na magitaa, kabla sijaanza, kila mmoja aangalie nobu ya volyumu ya gitaa lake. Imesimama wapi? Kumi. Na wewe kaka? Kumi. Dada pale dirishani? Kumi pia. Nilijua, na ningeweza kuwawekea dau. Gitaa linanunuliwa, nobu inazungushwa hadi mwisho siku ya kwanza, na haiguswi tena mpaka ianze kuchakacha kwa vumbi. Walionisikia kabla ya leo wanajua ninakoelekea. Hao wanaruhusiwa kusinzia.

Wengi wenu mnaamini nobu hii kazi yake ni kupunguza kelele, basi. Kwenye amplifaya iliyotulia, isiyokwaruza, mko sahihi: ukishusha gitaa, spika inashuka nalo. Lakini amplifaya ikishaanza kukwaruza, nobu ileile inashika kazi nyingine. Inaamua mkwaruzo uwe kiasi gani, na kelele inabaki karibu palepale. Kazi ipi itakuwa inafanya, na kuanzia namba ipi, hilo linaamuliwa na geini ya amplifaya. Huo ndio mhadhara wote. Yaliyobaki ni kuwashawishi wabishi, nao hawakosekani.

Mbishi wa kwanza huwa anasema: "Mwalimu, kupanga mkwaruzo si kazi ya nobu ya geini kwenye amplifaya?" Ni kazi yake pia. Ila hebu tufungue amplifaya tuone hiyo geini ni kitu gani hasa.

Chukua amplifaya ya vali, zile chupa za kioo zinazokuza umeme wa gitaa. Vali ya mwanzo mara nyingi ni 12AX7. Ulaya wanaiita ECC83. Kwenye karatasi ina uwezo wa kukuza mara 100, lakini ndani ya saketi ya kawaida utapata mara 50 au 60. Gitaa lako likileta volti 0.2, vali inatoa kama volti 10. Sasa vali ya pili, kwa jinsi inavyowekwa mara nyingi, inavumilia mlangoni pake volti moja na nusu hivi kabla haijaanza kukata mawimbi. Volti 10 kwenye mlango wa volti moja na nusu! Ndiyo maana kati ya vali hizo mbili mtengenezaji ameweka nobu. Hiyo ndiyo geini mnayoiabudu. Ndani yake kuna nini? Potenshiometa, kifaa kilekile kilichomo kwenye volyumu ya gitaa lako. Sehemu ya volti inapita, sehemu inamwagwa kwenye ardhi ya saketi. Haikuzi chochote. Vali ndiyo inayokuza, na inakuza kwa kiwango kilekile hata ukiwa umelala. Nobu inaamua tu kimwagwe kiasi gani kabla ya kufika kwenye vali inayofuata.

Kwa hiyo mna nobu mbili za aina moja kwenye njia moja. Gitaa likipitisha nusu na geini ikapitisha nusu, vali ya pili inapata robo, wala haijui ni nani aliyeipunguzia. Tofauti kubwa ni mahali zilipo. Moja iko mita nne nyuma yako, kwenye giza, nyuma ya mpiga ngoma. Nyingine iko chini ya kidole chako cha mwisho. Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa ambaye hata hakuwa mpiga gitaa, mwaka 1954 alilitoa gitaa la Stratocaster likiwa na volyumu karibu kabisa na nyuzi, mahali ambapo kidole kidogo kinaifikia bila mkono kuacha kucharaza. Mpiga gitaa Jeff Beck aliitumia nafasi hiyo kwa miaka mingi. Ninyi mnalalamika kwamba nobu inawazuia kupiga, mnaitafutia fundi aihamishe!

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano, ila tabia yake ndiyo mtakayoikuta. Tuseme amplifaya imewekwa kiasi kwamba chochote kinachozidi milivolti 100 kutoka kwenye gitaa kinagonga dari. Unacharaza kwa nguvu, gitaa linatoa milivolti 400. Wimbi linapanda, linagonga dari, linakatwa kichwa. Linashuka, linakatwa miguu. Kinachotoka kinakaribia umbo la mraba, na kukatwa huko ndiko kunakozaa zile sauti za ziada tunazoziita mkwaruzo. Shusha volyumu ya gitaa ipitishe nusu: milivolti 200. Bado linagonga, ila kwa upole. Mkwaruzo umepungua, lakini urefu wa wimbi ni uleule kwa sababu dari haijahama. Shusha tena hadi robo, milivolti 100: wimbi linaigusa dari kwa utosi tu. Sauti safi.

Mmepunguza desibeli 12 mlangoni. Spika imepoteza ngapi? Wimbi la mraba kamili lina nguvu mara mbili ya wimbi laini la urefu uleule, yaani tofauti ya desibeli 3. Tatu! Mmetoka kwenye mkwaruzo mzito hadi sauti safi, na mpiga besi aliyesimama pembeni hajui hata kama mmegusa kitu. Ukiendelea kushusha chini ya hapo, ndipo nobu inarudi kwenye kazi yake ya zamani na kelele inaanza kupungua kweli.

Hapa lazima niwasimulie kisa changu, na najua wengine mmekichoka. Niliwahi kukaa nyuma ya mitambo na fundi mmoja wakati bendi inapiga. Mpiga solo amefungua geini karibu yote, volyumu ya gitaa kumi, na mbele ya amplifaya ameweka pedali ya kuongeza nguvu kwa ajili ya solo. Solo ikafika, akaikanyaga. Mimi na fundi tunatazama mita ya sauti ya gitaa lake: sindano haikusogea. Akageuka, akatuonyesha kidole gumba juu, maana yake niongezeni. Wimbo wa pili, pedali tena, sindano palepale, kidole gumba tena. Wimbo wa tatu alikuwa na pedali mbili za namna hiyo zimewashwa pamoja, na kilichoongezeka ni mvumo kati ya nyimbo na noti kugandana kama uji. Fundi hakusema neno. Solo ilipokuja akasukuma kitelezi cha sauti ya gitaa lile juu kidogo kwa kidole kimoja, watu wakapiga vigelegele. Baada ya onyesho jamaa akaja kutuambia, jasho linamtoka, kwamba pedali yake mpya ni moto wa kuotea mbali. Nikafungua mdomo. Fundi akanikanyaga mguu.

Mmeona kilichotokea? Jamaa alikuwa ameshagonga dari kabla ya kukanyaga chochote. Ukimpa desibeli 10 zaidi mtu aliyekwisha kugonga dari, hatoki juu, anabonyea tu. Angetaka kelele zaidi kwa mkwaruzo uleule, angeongeza baada ya mkwaruzo: kwenye masta, ile nobu ya volyumu ya mwisho ya amplifaya, au pedali iwekwe kwenye njia ya nyuma ya amplifaya inayopita baada ya geini. Au, na hii ni bure, angepiga ridhimu volyumu ya gitaa ikiwa tano au sita, chini ya dari, na solo ikifika aizungushe hadi kumi. Hapo angepata vyote viwili, kelele inayopanda mpaka kwenye dari na mkwaruzo unaoanzia hapo.

Kwa hiyo panga amplifaya kuanzia juu. Weka volyumu ya gitaa kwenye kumi, fungua geini mpaka upate mkwaruzo mkubwa kuliko wote utakaouhitaji usiku huo, halafu usiiguse tena. Ridhimu, arpejio, sauti safi, vyote utavitafuta kwa kurudi nyuma kwenye gitaa. Wengi mnafanya kinyume: mnapanga ridhimu gitaa likiwa kumi, kisha mnashangaa kwamba solo haina pa kwenda.

Mbishi wa pili, huyu namheshimu kwa sababu ana masikio: "Nikishusha volyumu sauti inafifia makali, inakuwa ya ukungu." Kweli kabisa, na kuna sababu mbili, ingawa watu huitaja moja tu.

Ya kwanza ni waya wako. Kebo ya gitaa ina kapasitansi, yaani inashika chaji kidogo kama kapasita, kwa kawaida kama pikofaradi 100 kwa mita. Kebo ya mita tano, pikofaradi 500. Nobu ikiwa kumi, pikapu, ile sumaku yenye koili inayonasa mtetemo wa nyuzi, inaiendesha kebo moja kwa moja. Ukishusha, unaingiza ukinzani kati yao, na ukinzani pamoja na kapasita ni chujio linalokata sauti za juu. Pikapu za koili mbili hutumia potenshiometa ya omu 500,000. Ikifika nusu ya umeme wake, ukinzani unaoonekana na kebo ni omu 125,000, na chujio linaanza kukata kwenye hezi 2,500 hivi. Pikapu za koili moja hutumia omu 250,000, na hapo ukataji unaanzia karibu hezi 5,000, ndiyo maana wenye Stratocaster, gitaa la koili moja, wanalia kidogo kuliko wenye Les Paul, gitaa la koili mbili. Na angalieni: potenshiometa ya logi, ile yenye herufi A, isiyopanda kwa hatua sawa, haifiki nusu ya umeme kwenye tano. Kwenye tano inapitisha kama asilimia 10 au 15 tu. Nusu ya umeme iko karibu na nane, palepale unapoanza kushusha. Ndiyo sababu hatua ya kwanza inauma kuliko zinazofuata.

Dawa zipo. Kapasita ndogo ya pikofaradi 1,000 hivi kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa kutokea wa volyumu, mara nyingi na rezista ya omu 150,000 kando yake, inapitisha sauti za juu pembeni. Ikizidi, ukishusha sana gitaa linabaki kupiga kelele za mbu. Au uungaji wa miaka ya 1950, ambamo toni inaunganishwa upande wa kutokea wa volyumu. Au fupisha kebo, maana sioni kwa nini mtu asimame mita mbili kutoka kwa amplifaya na kebo ya mita tisa halafu alaumu nobu.

Sababu ya pili haitibiwi kwa kulehemu. Sehemu kubwa ya makali unayoyasikia kwenye mkwaruzo hayakutoka kwenye gitaa. Yamezaliwa na kukatwa kwa mawimbi. Ukiondoa mkwaruzo, yanaondoka nao, hata kama saketi ya gitaa haijapoteza hata chembe ya trebo, yaani sauti za juu. Mtu anaisikia sauti safi halisi ya pikapu yake, anadhani kuna kitu kimeharibika. Ongeza trebo kwenye amplifaya kuliko unavyopenda, kisha ishi na gitaa likiwa saba. Kumi itakuwa na ukali wa ziada, na solo inauhitaji.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka.

Fazi, pedali ya mkwaruzo mzito. Fuzz Face iliyotolewa na Arbiter wa London mwaka 1966 ina mlango wa ukinzani mdogo mno, kwa hiyo pikapu, volyumu na transista ya kwanza vinakuwa saketi moja. Ukigusa volyumu kidogo tu, kumi hadi nane, inasafika ajabu. Lakini lazima gitaa liingie humo moja kwa moja. Ukitanguliza pedali yenye bafa, saketi inayolitenga gitaa na kinachofuata, umeua mchezo, na hakuna kapasita itakayokuokoa.

Pikapu zenye betri hutumia potenshiometa za omu 25,000, kebo haiziumizi, kwa hiyo mkwaruzo unashuka lakini makali ya pikapu zenyewe yanabaki. Geti ya kelele inaharibu kila kitu nilichosema: ukishusha gitaa, ishara inapita chini ya kizingiti na geti inafunga mlango katikati ya noti. Kompresa mbele ya amplifaya nayo inarudisha juu ulichoshusha. Kupandisha noti taratibu kutoka sifuri, alivyofanya mpiga gitaa Roy Buchanan na gitaa lake la Telecaster, kunataka geini ndogo. Geini ikiwa kubwa, unagonga dari kwenye robo ya kwanza ya mzunguko na kilichobaki ni mkwaruzo unaokua, hakuna kupanda. Ukitaka vyote, weka pedali ya volyumu baada ya mkwaruzo.

Nobu ya toni ilikuwa na mada yake, naiacha. Na yule aliyeniandikia karatasi kuhusu Les Paul yake: swichi ikiwa katikati, kwa uungaji wa kawaida, ukifunga volyumu ya pikapu moja hadi sifuri gitaa lote linanyamaza, kwa sababu zote mbili zimemwagwa kwenye ardhi moja. Si bovu. Usilipeleke kwa fundi.