Kengele ya baiskeli ni hodi

Mwangaluka, watu wangu wa Tabora! Leo niko Utrecht, huku Uholanzi, na hii lami nyekundu mnayoiona nyuma yangu ni njia ya baiskeli. Chini ya stesheni kuu ya mji huu kuna maegesho ya baiskeli 12,500, stesheni moja tu! Mtu ukiheshimiwa hivyo kichwa kinavimba. Changu kilivimba.

Jumanne jioni kuna dada alikuwa anakimbia mbele yangu, kavaa hedifoni. Nikamsogelea mpaka karibu nimguse, ndiyo nikapiga kengele. Akashtuka, akaruka kushoto, na mimi nilikuwa nampita hukohuko kushoto, maana huku wanaendesha kulia. Nikaishia kwenye majani. Goti hili hapa, oneni. Nikainuka na hasira zangu: hii ni njia ya baiskeli! Akanionyesha pembeni kwa kidole. Njia ya miguu haipo. Na sheria yao inasema pasipo na njia ya miguu, mwenda kwa miguu anapita ya baiskeli. Nikanywea.

Nikaikumbuka barabara ya Ipuli, huko kwetu Tabora, saa 12 asubuhi: wanafunzi, mikokoteni, bodaboda, na mama mwenye ndoo ya maji. Mwenye ndoo kichwani hageuzi shingo, anageuka mwili mzima. Ukimpigia kengele uko mgongoni kwake, maji yote yanamwishia mabegani. Mpigie ukiwa mbali, mita 20 hivi, mara moja, halafu acha kukanyaga pedeli, msubiri. Akisogea, pita kulia kwake taratibu, na asante umwambie. Asiposogea ujue hajasikia, siyo kiburi, punguza mwendo, mwite: "Mama, napita kulia." Kengele ni hodi, jamani. Nani anapiga hodi akiwa ameshaingia chumbani?

Na ninyi wa mazoezi, msikimbie watatu watatu mkaziba njia, na sikio moja liacheni wazi. Wanaoendesha usiku bila taa siwagusi leo, hiyo kesi ina siku yake.

Baiskeli ya marehemu baba, Swala, haikuwa na kengele. Alikuwa anakohoa. Mara mbili, tangu mbali, gunia la mkaa likiwa kwenye keria, na Isevya nzima ilikuwa inampisha bila hata kugeuka.