Johnny Unitas: Timu ya Nyumbani Ilimtema, Baltimore Ikamwokota

Mambo vipi watu wangu, Bongo na kokote mliko. Leo niko Baltimore, nje ya uwanja wa Ravens, timu ya hapa ya mpira wa Kimarekani, na huyu mzee wa sanamu ya shaba nyuma yangu ndiye ninayetaka mumjue. Hebu ngoja nisogeze kamera, mwone kiatu chake. Kimeng'aa hivyo kwa sababu mashabiki wanakigusa kutafuta bahati kabla ya mechi, watu wazima na ndevu zao! Anaitwa Johnny Unitas, jezi namba 19.

Kwa wasioujua mpira wa Kimarekani: kuna mchezaji anaitwa kwotabeki. Mpira ukianza unapita kwanza mikononi mwake, na ndani ya sekunde chache aamue: aurushe mbele, ampe mwenzake akimbie nao, au akimbie mwenyewe. Wakati huo majitu ya kilo mia na ushee yanamjia mbio yamlaze chini. Siku hizi kofia yake ina spika, kocha anamnong'oneza cha kufanya. Unitas hakuwa na kitu hicho. Alikuwa anawakusanya wenzake, anapanga shambulizi mwenyewe palepale, saa inakimbia. Ndiyo maana mtu akiniwekea takwimu zake kando ya hawa wa leo, mimi tunabishana mpaka usiku.

Jamaa alizaliwa Pittsburgh mwaka 1933, familia yenye asili ya Lithuania. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka 5, mama akashika biashara ya mumewe ya kupelekea watu makaa ya mawe. Alipomaliza sekondari alikuwa mwembamba mno, kama kilo 66, vyuo vikubwa vikamwona atavunjika. Akachukuliwa na Chuo Kikuu cha Louisville. Mwaka 1955 Pittsburgh Steelers, timu ya kwao kabisa, wakamsajili katika raundi ya tisa, yaani timu zilishachagua vijana kwa zamu mara nane ndipo akaitwa, halafu wakamwacha hata kabla msimu haujaanza. Ana mke tayari. Basi akaingia kwenye kazi za ujenzi, na mpira akawa anauchezea timu ya mtaani, Bloomfield Rams, kwa dola 6 kila mechi. Sita!

Mwaka 1956 Baltimore Colts wakamwita, awe wa akiba. Kwotabeki wao George Shaw akaumia wakicheza na Chicago Bears, Unitas akaingia. Pasi yake ya kwanza? Ilinaswa na adui, akakimbia nayo mpaka akafunga. Siku hiyo walikula 58 kwa 27. Kocha Weeb Ewbank hakumtupa, na hapo mimi nampa kocha heshima zake, maana si wengi wangemvumilia.

Sasa twende tarehe 28 Desemba 1958, Yankee Stadium, New York. Fainali, Colts na Giants. Colts wako nyuma 17 kwa 14, zimebaki kama dakika mbili, na mpira wanao kule mwisho kwenye yadi ya 14 ya upande wao. Yaani uwanja karibu wote uko mbele yao. Unitas akamtafuta Raymond Berry. Pasi, yadi 25. Tena Berry, yadi 15. Tena Berry, 22! Mara tatu mfululizo, mtu yuleyule, na Giants wanajua kabisa mpira unaenda kwa nani. Steve Myhra akapiga teke la pointi tatu, zimebaki sekunde 7. Sare, 17 kwa 17.

Ikabidi waongeze muda, atakayefunga kwanza ndiye bingwa, na hilo lilikuwa halijawahi kutokea kwenye fainali ya NFL, ligi kuu ya mpira huu. Giants wakaanza, wakakwama. Unitas akawavusha wenzake yadi 80. Wamefika karibu kabisa na mstari, teke la pointi tatu lingetosha kumaliza kazi, yeye akarusha tena pasi, pembeni! Ikinaswa ile, wamepoteza kila kitu. Jim Mutscheller akaidaka, yadi moja imebaki, Alan Ameche akaingia nao. 23 kwa 17. Kwa makadirio, watu milioni 45 waliiona kwenye televisheni, na wengi wanasema NFL ilianza kuwa biashara kubwa siku ile.

Mwaka uliofuata wakachukua tena ubingwa. Alirusha pasi ya bao katika mechi 47 mfululizo, na rekodi hiyo ilisimama mpaka 2012 Drew Brees alipoivunja. Alimalizia kwenye timu ya San Diego, akastaafu 1974 akiwa wa kwanza kuvuka yadi 40,000 za pasi.

Lakini mkono wake ndio ulioumia kwa hayo yote. Uzeeni vidole vya kulia havikumtii, fimbo ya gofu ilibidi aifunge mkononi ndipo apige. Akaomba malipo ya ulemavu, akaambiwa amechelewa, alipaswa kuomba kabla ya miaka 55. Jamani, mtu mkono umeharibika baada ya hapo!

Na Colts wenyewe? Machi 1984, usiku wa manane, malori ya Mayflower, kampuni ya kuhamisha mizigo, yalibeba kila kitu hadi Indianapolis. Fikiria unaamka asubuhi, Yanga wamehama Jangwani, wako Mwanza. Unitas akakataa kuhusishwa na timu hiyo mpya. Ravens walipokuja 1996, akawa anaonekana pembeni ya uwanja wao.

Alifariki tarehe 11 Septemba 2002. Peyton Manning, kwotabeki wa haohao Colts wa Indianapolis, akaomba avae buti nyeusi ndefu kama za Unitas kumuenzi. Ligi ikakataa, ikamtishia faini ya dola 25,000, akaacha. Chris Redman wa Ravens, naye wa Louisville, hakuomba ruhusa. Akazivaa tu, akacheza nazo, bili ikaja: dola 5,000.