Kinachokausha Mpunga ni Upepo

Ndugu wasikilizaji, tuanze na hesabu. Tani moja ya mpunga uliovunwa ukiwa na unyevu wa asilimia 24, ukikaushwa hadi asilimia 14, hubaki kilo 884. Kilo 116 za maji, karibu madebe sita, zimetoka ndani ya punje. Na hazingoji: mpunga mbichi ukilala kwenye magunia zaidi ya saa 24 huanza kuchemka, na mchele wake hutoka na rangi ya manjano.

Kwenye delta ya mto Mekong, Vietnam, mavuno ya katikati ya mwaka huangukia msimu wa mvua, na jua la kuanikia halipatikani. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1980 wahandisi wa chuo ambacho leo kinaitwa Nong Lam, jijini Ho Chi Minh, wamekuwa wakiboresha kikaushio cha sanduku. Umbo lake ni rahisi: sanduku pana lenye sakafu ya matundu, uwazi chini ya sakafu hiyo, feni, injini, na tanuru linalochoma maganda ya mpunga wenyewe. Maganda yapo tele. Tani moja ikikobolewa hutoa takriban kilo 200.

Wengi hudhani moto ndio unaokausha. Kinachokausha ni upepo. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzi 43, unyevu wake hushuka hadi asilimia 40 hivi, na sasa ina kiu ya kunyonya maji. Usizidishe hapo, hasa kwa mbegu, maana kiinitete kitakufa. Feni ikiwa dhaifu, kuongeza moto hakutasaidia kitu. Utaunguza punje za chini tu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Chukua tabaka la mpunga la sentimita 30, hewa ikipanda kutoka chini. Baada ya saa kadhaa, ingiza mkono hadi kwenye sakafu: punje za chini zinachakarika, pengine zimefika asilimia 11, wakati za juu bado ziko 17. Kipimo cha unyevu kitakupa wastani wa 14, nawe utafurahi. Lakini ukizichanganya, punje kavu hunywa maji ya jirani zake, tabaka la nje la punje huvimba kuliko kiini, na punje hupasuka kwa ufa mwembamba usioonekana mpaka mashineni. Huko ndiko chenga zinakotoka. Mpunga ulioanikwa ukaachwa ulowe umande hupasuka vivyo hivyo.

Dawa waliyoipata wahandisi wale ni kugeuza upepo. Hewa huingizwa kutoka chini kwa takriban theluthi mbili ya muda, kisha njia inafungwa na hewa hushuka kutoka juu. Mpunga haukorogwi kwa sepetu, na tabaka linaweza kuwa nene zaidi. Kazi nzima huchukua saa 8 hadi 10, unyevu ukishuka kama asilimia 1 kwa saa.

Kabla ya kujaza, pepeta. Majani na mabua yakirundikana mahali pamoja huzuia hewa, na hapo patabaki pabichi. Usikanyage mpunga ukiwa sandukuni. Pima sampuli za juu, kati na chini, kila pembe. Mwishoni zima moto, acha feni ipulize hadi mpunga upoe. Ukifungwa ungali moto, mvuke utageuka maji ndani ya gunia na ukungu utaota.

Mashine nyingi nzuri hulala bila kazi kwa sababu moja ninayoiona kubwa kuliko zote: mnunuzi hupima kilo tu. Mkulima aliyepoteza zile kilo 116 anahitaji bei iliyopanda asilimia 13 ili arudi pale alipokuwa, kabla hajalipia injini wala kibarua.